Daraja la Ahadi

Nchi yenyewe sitaitaja. Ni nchi nzuri mno, na majirani zetu wana wivu. Wakijua ilipo watahamia wote, na sisi tayari tumebanana. Itoshe kusema kwamba ina Rais mmoja, bendera moja na barabara moja ya lami.

Barabara hiyo ilikusudiwa kutoka mji mkuu hadi mpakani. Fedha zilikopwa, kokoto zikapondwa, magreda yakanguruma, wakubwa wakakata utepe. Lami ilipofika robo maili, fedha zikaisha. Zilikwenda bandu bandu mpaka gogo zima likaisha. Watu wasio na shukrani wakaanza kunung'unika, ndipo Waziri, Mheshimiwa Dokta Mwinyikondo, akapanda jukwaani kutufumbua macho.

"Ndugu wananchi," alisema, "ulimwenguni kote watu wa maana hushindana kwa magari katika robo maili. Si zaidi, si pungufu. Mataifa mengine yamejenga barabara ndefu kwa ujinga. Sisi tumejenga kipimo chenyewe!"

Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Wizara ya Barabara ikafutwa siku hiyo hiyo, na mahali pake ikaundwa Wizara ya Mbio Fupi na Madaraja.

Mimi niliajiriwa huko kama Mfafanuzi. Kazi yangu ni kukaa katika kibanda cha mabati kando ya Kipande, maana ndivyo tunavyoiita barabara yetu, na kuwaeleza watu kwa kipaza sauti nani anakimbia katika daraja gani, na kwa nini ameshindwa. Watu wengi huja Jumapili wakidhani mbio ni kuangalia gari gani limefika kwanza. Huo ni ushamba. Kufika kwanza ni jambo dogo. Jambo kubwa ni daraja.

*

Daraja la chini kabisa ni la Kiwandani. Humo gari hukimbia kama lilivyotoka kiwandani, bila kuongezwa wala kupunguzwa kitu. Ni daraja gumu sana kwetu, kwa sababu magari yetu yote yamekuja yakiwa wazee, yamepitia kwa mafundi wengi, na hakuna anayekumbuka kiwandani walikusudia nini. Kijana mmoja aliondolewa kwa kuwa redio yake inaimba. Wakaguzi walisema redio inayoimba haiwezi kuwa ya asili.

Juu yake kuna daraja la Waliochokonoa. Hawa wana ruhusa ya kung'oa viti, kutoboa boneti na kufunga matairi mapana ya nyuma. Lakini kila unapoongeza nguvu, unaongezewa uzito ili wengine wasionewe. Zamani tulitumia viroba vya mchanga. Siku hizi mchanga umepanda bei, kwa hiyo tunampakia Mkuu wa Wilaya. Akinenepa, mshindani anakata rufaa.

Kuna daraja la Heshima, ambalo lina gari moja tu, jeusi, la Mheshimiwa Rais. Hukimbia peke yake kila sikukuu ya uhuru na tangu daraja lianzishwe halijashindwa.

Na kuna daraja la Ahadi. Hili ndilo ninalolipenda, au nililipenda. Humo gari la aina yoyote linaruhusiwa, hata bovu. Dereva anataja mwenyewe, kabla ya mbio, sekunde atakazotumia kutoka taa ya kuanzia hadi mstari wa mwisho, na ahadi yake inaandikwa kwa chokaa kwenye kioo. Aliyeahidi muda mrefu anatangulizwa kuondoka, mwenye kasi anasubiri nyuma yake kwa tofauti ya ahadi zao. Kila mtu akitimiza neno lake, watafika pamoja kama maharusi. Mshindi ni yule aliyelikaribia zaidi neno lake.

Lakini kuna sharti moja. Ukikimbia haraka kuliko ulivyoahidi, umeshindwa, hata ukifika kwanza. Sharti hilo limewekwa ili mtu mwenye nguvu asijifanye mnyonge, akapewa nafasi ya kutangulia, kisha akawazidi wenzake kwa hila. Ndiyo maana madereva wa daraja hili wana desturi ya ajabu: wakikaribia mwisho, wakiona wanashinda, wanaachia mafuta. Mgeni akiwatazama anadhani gari limezimika. Kumbe mtu anatunza neno lake.

Waheshimiwa hawajawahi kuingia katika daraja la Ahadi. Sijui kwa nini, na si kazi yangu kujua.

*

Sikukuu ya uhuru ya mwaka ule gari la Heshima lilikimbia kama kawaida. Sheria inasema wananchi wapige makofi taa ya kijani ikiwaka mwishoni, baada ya Rais kuvuka mstari. Bahati mbaya gari lilizimika katikati ya Kipande. Likasimama pale, jeusi, linang'aa, na kimya kikatanda.

Katika kimya kile akapiga makofi mtu mmoja. Alikuwa kijana mziba pancha, jina lake Faki. Mimi nilimwona kutoka kibandani. Alikuwa mwisho wa umati, nyuma ya watu wanene, na aliposikia injini imenyamaza alidhani mbio zimekwisha. Alipiga makofi kwa furaha tupu, huku anacheka, na nina hakika alikuwa anampenda Rais kuliko wengi waliokaa kwenye viti.

Hakimu alisema makofi ya Faki yalitangulia taa, na kwamba kumpongeza kiongozi aliyekwama ni kumsanifu na kumdhihaki. Akahukumiwa kifungo cha mpaka atakapotakiwa. Ni kifungo cha kisasa. Hakina miaka, kwa hiyo hakimchoshi mfungwa kwa kuhesabu.

Faki alikuwa mtoto wa pekee wa Bi Mashavu, mbeba mayai.

*

Mwaka huo huo Wizara ikakosa zawadi. Hazina ilikuwa nyeupe, na vikombe vya washindi vilikuwa vimekopwa na wake wa wakubwa kwa ajili ya maua. Hapo Dokta Mwinyikondo akaonyesha tena kwamba shahada yake, popote alipoipata, si ya bure. Akauliza, "Serikali yetu ina kitu gani kingi?" Wataalamu wakakaa kikao wakaja na jibu: wafungwa.

Nikatangaza mwenyewe kwa kipaza sauti. Mshindi wa daraja la Ahadi atapewa mfungwa mmoja, wa kuchagua mwenyewe, bila kodi.

Kesho yake asubuhi Bi Mashavu akaja kibandani kwangu na pikapu yake kuukuu, trei za mayai zimefungwa nyuma kwa kamba za katani. Tulikuwa majirani, alinijua tangu sijaanza kuvaa tai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nieleze hayo madaraja yenu. Polepole, kichwa changu siku hizi kimejaa moshi."

Nikamweleza yote, kuanzia la Kiwandani. Nilipofika kwenye Ahadi akaninyamazisha kwa kiganja.

"Hapo rudia. Unasema anayekwenda mbio kuliko alivyosema anashindwa?"

"Ndiyo, mama."

"Na gari bovu linaruhusiwa?"

"Hata likikohoa."

Akaangalia pikapu yake. "Mimi nabeba mayai tangu Faki yuko tumboni," akasema. "Ukikanyaga mafuta kwa hasira, yanavunjika. Ukishika breki kwa woga, yanavunjika. Mguu wangu umezoea kwenda vilevile, jana, leo na kesho. Hebu nipimie saa."

Nikampimia. Sekunde ishirini. Akageuza, akarudia: ishirini. Mara ya tatu akapita na trei zake zote, ishirini, na hakuna yai lililolalamika. Nilicheka kwa furaha mpaka nikajipiga paja.

"Ila mwisho pale, mama, kuna pipa jeupe," nikamwambia. "Ukilifikia, sikiliza gari. Likiwa na haraka, achia mafuta. Usisahau kuachia. Vijana wengi wanapotelea hapo, wanaona mwisho, tamaa inawapanda."

"Tamaa ya nini, na mimi mtu mzima?" akasema. Akaenda kununua chokaa.

*

Nitapita upesi kwenye mbio za mchujo, kwa sababu zilikuwa tamu, na utamu wake sasa unaniwasha.

Jumapili ya kwanza alipangiwa kijana wa mjini mwenye gari jekundu lililochokonolewa hadi likawa linapiga mizinga. Kijana aliahidi kumi na tatu. Bi Mashavu akatangulia, pikapu ikaenda zake kama inapeleka mayai hotelini, watu wakamcheka. Kijana akaondoka, akampita kwa kishindo, akatumia kumi na mbili. Kwake ikawaka taa nyekundu. Bi Mashavu alipofika kwenye pipa jeupe akaachia mafuta, akavuka mstari kwa utulivu, ishirini.

Umati uliokuwa unamcheka ukamshangilia. Jumapili iliyofuata walikuja na vigelegele. Mwenye duka akaondoka kabla ya taa, akatolewa. Mwalimu mmoja akashindwa kuingiza gia ya pili. Bi Mashavu, ishirini na ishirini. Wanawake wauza mboga wakaanza kuandika ishirini kwenye vikapu vyao. Mimi nilikuwa nafafanua kwa sauti ya kuimba, nikasahau kabisa kuwa ni mtumishi wa serikali.

Akaingia fainali. Mpinzani wake akawa Bwana Jeilani, shemeji yake Waziri, ambaye alifika hapo bila kushindana na mtu, maana kila aliyepangiwa naye aliugua tumbo.

*

Siku ya fainali Dokta Mwinyikondo alitoa hotuba. Alisema mbio huwa hazina msisimko kwa sababu washindani hawaioni zawadi yao. Kwa huruma yake, ameamuru zawadi zisimamishwe kwenye mstari wa mwisho, ndani ya kamba, ili washindani wapate moyo.

Lori la magereza likaja, wakateremshwa watu wapatao ishirini, wamepakwa mafuta wapendeze. Faki alikuwa wa kwanza upande wa kushoto, ule ule aliokuwa anakimbilia mama yake. Nilimtambua kwa urefu tu. Mashavu aliyorithi kwa mama yake yalikuwa yamekwisha, na mikono yake aliishika nyuma, nadhani aliogopa isije ikapiga makofi tena.

Kutoka mwanzo wa Kipande hadi mwisho, mtu mzima haoni sura ya mtu. Bi Mashavu hakujua kwamba Faki yumo kwenye safu ile. Nilikuwa na kipaza sauti mkononi na ningeweza kumwambia, lakini hairuhusiwi kuzungumza na mshindani aliyekwisha kuahidi. Alikuwa ameahidi ishirini, Jeilani kumi na mbili. Taa ikawaka, pikapu ikaondoka.

Iliondoka vizuri. Nikasema kwenye kipaza sauti, "Bi Mashavu ameondoka vizuri." Taa ya Jeilani ilipowaka, Jeilani alikuwa anafuta miwani yake ya jua. Watu wakapiga kelele. Akaivaa, akaweka gia, akaondoka mama yule amekwisha kumwacha mbali kiasi kwamba hata angeteremka akaisukuma pikapu njia iliyobaki angeweza kushinda. Kilichobaki kilikuwa kuachia mafuta tu.

Akafika kwenye pipa jeupe. Nikamwona ameinamia usukani, kama mtu anayesoma kitu cha mbali. Kisha pikapu ikanguruma. Sikuwahi kuisikia ikinguruma hivyo, na mafundi wote wa mji wanasema haina uwezo huo, injini yake ni ya kubebea mayai. Ilipita pipa, ikapita kibanda changu, moshi mweusi, trei tupu zinaruka hewani, na midomo ya mama yule inasema neno moja tu. Ikavuka mstari.

Kwenye ubao ikaandikwa kumi na tisa.

Kisha taa nyekundu ikawaka upande wake.

*

Umati haukuelewa. Walikuwa wamemwona amefika kwanza, wanarusha kanga hewani, wanakumbatiana. Bi Mashavu alikwisha kuteremka, ameacha mlango wazi, anakwenda kwenye kamba mikono imenyooka. Askari magereza akamzuia kwa rungu, akamwambia zawadi haiguswi kabla ya matokeo.

Jukwaani Waziri alisimama. "Mama huyu alituahidi ishirini," alisema. "Ametuletea kumi na tisa. Nauliza, ile sekunde moja siku zote alikuwa ameificha wapi? Leo anaificha serikali sekunde, kesho ataificha nini? Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka." Akanigeukia. "Mfafanuzi, wafafanulie wananchi."

Nikafafanua. Nilieleza daraja la Ahadi tangu mwanzo, sharti lake na sababu ya sharti, kwa lugha nyepesi, kama nilivyofundishwa. Nilifanya kazi nzuri. Niliona furaha ikiwatoka usoni mmoja baada ya mwingine, kadiri walivyokuwa wakielewa. Mwanamke mmoja muuza mboga akasema kwa sauti, "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, nyie mna nini vifuani?" Akatolewa nje.

Jeilani akaitwa achague zawadi. Akatembea mbele ya safu ile, mikono mfukoni.

"Mimi sina mtu huku," akasema. "Jamaa zangu wote wako serikalini."

"Mchukue Faki!" umati ukapiga kelele. "Mchukue huyo mrefu!"

Bi Mashavu akapiga magoti kwenye lami. "Baba," akamwambia, na Jeilani ni mdogo kwa Faki, "baba yangu, mtaje tu. Sitakusumbua. Nitamchukua hapa hapa, hata nyumbani kwako hatafika."

Jeilani akamtazama shemeji yake. Sina budi kusema kweli, alitaka kukubali. Lakini Waziri akatikisa kichwa. Akasema kumpa mshindwa zawadi kwa mlango wa nyuma ni rushwa, na serikali yetu haivumilii rushwa.

"Hawa wote wanakula?" Jeilani akauliza.

"Wanakula, bwana," askari akajibu.

"Basi naomba nibadilishiwe. Nipeni friji."

Akapewa. Lilitolewa ofisini kwetu, na maziwa ya karani yakiwa ndani.

Wafungwa wakaanza kupandishwa kwenye lori. Askari mmoja, Mungu amlipe, akajifanya kufunga kamba za kiatu, na Faki akapata nafasi ya kusimama.

"Mama," akasema, "mbona hukuachia?"

"Nilikuona, mwanangu," Bi Mashavu akasema. "Nikaona unavyokonda."

"Nakula, mama. Usijali, nakula."

"Unakula nini?"

Askari akawa amemaliza kufunga kiatu.

*

Sasa nieleze kanuni iliyobaki, kwa kuwa watu wengi hawaijui, na mimi ni Mfafanuzi. Katika daraja la Ahadi, dereva aliyeizidi ahadi yake haruhusiwi kuirudia. Amekwisha kuonyesha uwezo wake. Akishindana tena lazima aahidi ule muda bora aliowahi kukimbia. Kwa hiyo ishirini imefutwa kwenye kioo cha Bi Mashavu, imeandikwa kumi na tisa, kwa rangi ya mafuta, isiyotoka. Aidha Wizara imeamua zawadi zisisimamishwe tena mwishoni, kwani imethibitika kuwa zinasababisha mwendo kasi.

Mashindano bado yapo, na zawadi ni ileile. Lakini pikapu haifiki kumi na tisa. Mafundi wameifungua, wameisafisha, wamebadilisha plagi na kuziba kila panapovuja. Watu walichanga wakamnunulia matairi. Ishirini. Mguu wake umerudi kwenye mayai, unakwenda vilevile, jana, leo na kesho, na akiahidi kumi na tisa akakimbia ishirini, hata Mkuu wa Wilaya atamshinda kwa miguu.

Mwezi uliopita alikuja kibandani, asubuhi, hakuna watu. Alikuwa na shati la Faki limekunjwa kwapani, lile la gereji, la bluu.

"Mwanangu, wewe ni mrefu," akasema. "Livae hili, ukasimame pale mwisho, upande wa kushoto. Mikono weka nyuma."

Nikavua tai, nikavaa shati, likanibana mabegani. Nikaenda kusimama. Nilimwona anakuja kwa mbali, nikamwona anafika kwenye pipa jeupe, ameinama kwenye usukani, ananitazama. Nilijitahidi kukonda. Nililia pale, peke yangu kwenye lami ya serikali, nikimwomba Mungu gari lile lingurume.

Lilivuka mstari taratibu, likasimama mbele yangu. Ubao ulisema ishirini.

Bi Mashavu akatoa kichwa dirishani, akaitengeneza kola ya shati lile shingoni mwangu.

"Usikasirike, baba," akasema. "Macho nayadanganya. Mguu unajua si yeye."

Nikamwambia tujaribu tena, akageuza gari.